Nilivyowalilia Kina Mama wa Filamu za Kifaransa

Anayestaafu hupewa keki na saa ya ukutani. Mimi nilipewa mfuko wa nailoni nitie kikombe changu na kandambili, nikaambiwa nishukie lifti ya nyuma. Nina miaka thelathini na moja, basi nikisema nimestaafu mnaweza kucheka, lakini kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye filamu za Kifaransa sitaifanya tena, na mtu asiyerudi kazini ni mstaafu, awe na mvi asiwe nazo. Nawaandikia nyinyi wasichana mlioingia studio baada yangu. Najua watawaonyesha maikrofoni, maji ya kunywa na choo, halafu basi. Yaliyobaki hakuna wa kuwaeleza.

Nilifika Dubai na cheti cha kidato cha nne, nikaanza kwa kulea watoto wa watu mtaa wa Al Warqa. Hiyo siielezi, wengi wenu mmepita humo. Niseme tu kwamba wale watoto hawakulala bila hadithi, na mimi hadithi nilizisimulia kwa sauti za kubadilisha, mara simba, mara bibi kizee. Mume wangu anapakia mizigo bandari ya Al Hamriya. Ni yeye aliyesikia kwa mfanyabiashara mmoja wa Mombasa kwamba kuna ofisi mtaa wa Oud Metha inatafuta mwanamke mwenye Kiswahili cha pwani, asiyeogopa kusikilizwa.

Mwenye kuendesha studio alikuwa madam mmoja Mlebanoni. Tulimwita madam tu, na nitamwita hivyo hapa. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma wapi.

"Unaweza kulia?" aliniuliza.

Nikamwambia inategemea nimefanywa nini.

"Hapana. Sasa hivi. Mtoto wako amepotea. Haya, yalla."

Wakati huo sikuwa na mtoto. Nikalia. Akasema tena, sasa umeona maiti. Nikalia. Sasa wanavunja mlango. Sasa umeungua na mafuta. Sasa umepata habari kwa simu. Asubuhi nzima nililia kwenye kile chumba chenye sponji ukutani, na fundi nyuma ya kioo akawa anahifadhi kila kilio peke yake kwenye kompyuta. Nilipouliza cha kazi gani, akaniambia ni akiba ya sauti. Ukiumwa mafua siku ya kurekodi, wanachomoa kimoja wanakibandika. Nikaona ni watu wenye mpango mzuri. Kumbukeni hilo neno, akiba.

Kazi yenyewe iko hivi. Filamu inatoka Ufaransa, karatasi ya maneno inakuja kwa Kiingereza, inatiwa Kiswahili, halafu sisi tunaingia mmoja mmoja au wawili wawili tunasema mule mdomo wa mtu unapofunguka, kisha inauzwa kwa stesheni za televisheni za kwetu. Mdomo wa Mfaransa hujikusanya mbele kama anapuliza uji, na akishaufunga, nawe lazima uwe na neno la kufunga midomo. Hapo ndipo utashukuru kwamba Kiswahili kina mama, baba na pumbavu. Msivae bangili. Msije na njaa, maana tumbo likinguruma maikrofoni inasikia na fundi atawacheka mpaka jioni. Msinywe maziwa baridi. Na someni ukurasa mzima, si mistari yenu tu, mjue nani amewaudhi kabla hamjajibu.

Hizo filamu ni za ngumi, bastola na magari, lakini si kama za Kimarekani. Mmarekani anaokoa mji. Mfaransa anakuonyesha mji ambao ulishatupwa. Kuna maghorofa marefu ya kijivu nje ya Paris, yamejaa watu waliotoka Algeria, Mali, Senegali, na watoto wao waliozaliwa pale pale lakini kila siku wanaulizwa wametoka wapi. Lifti ni mbovu. Ukiona lifti mbovu mwanzoni mwa filamu, ujue kuna mtu atafia kwenye ngazi. Vijana wanaruka kutoka paa hili kwenda paa lile, na mtazamaji anapiga makofi kwa ule urukaji, hajiulizi kwa nini kijana anakimbia wakati hajaiba kitu. Polisi wanataka vitambulisho. Magari yanachomwa. Mara nyingi yuko askari mmoja aliyekulia maghorofa hayo hayo, na filamu nzima anavutwa huku na huku kama kanga ya mnada. Niliingiza sauti filamu nyingi sana za aina hiyo, na sikuona hata moja ambayo mwishoni lifti ilitengenezwa.

Sasa mjue tulivyogawanywa. Sauti za polisi zilikuwa za Maalim Seif, Mzanzibari, ambaye pia ndiye aliyekuwa akitafsiri. Kiunguja chake kinateleza, hakikwaruzi popote. Madam hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, lakini mtu alishamwambia Kiswahili cha Unguja ndicho safi, basi akakitia kwenye magwanda. Wahuni wote, wauza unga wote, wezi wote wa magari walikuwa Musoke. Huyu ni Mganda wa Kampala, na Kiswahili chake kimejaa mawe. Zamani alikuwa akisimulia filamu kwa mdomo katika vibanda vya video, watu wamebanana kwenye mabenchi na yeye anawageuzia maneno papo hapo. Dubai alikuja kuwa mlinzi wa jengo. Mimi nilipewa kina mama.

"Nyabo, leo nimekufa mara nne," Musoke aliniambia siku moja, akiniita bibi kwa Kiganda chake, tukinywa karak, ile chai ya maziwa na iliki, kibarazani.

"Pole. Wapi?"

"Mbili kwa ngazi, moja ndani ya gari, moja ile ya kuanguka kutoka juu. Na wote amenipiga Maalim."

Maalim Seif akavua miwani akaifuta. "Mimi tokea kuzaliwa sijampiga mtu kofi. Mke wangu shahidi."

"Mke wako hajaona filamu. Wewe ni muuaji wa kimya kimya. Unasema 'tafadhali' halafu unafyatua."

"Ndiyo adabu, bwana. Kwani wewe ungependa ufe kwa matusi?"

Tulicheka, lakini Musoke hakuwa anatania moja kwa moja. Alishamwomba madam ampe hata askari mmoja, hata wa trafiki. Madam akamwambia mtazamaji akisikia lafudhi yake hataamini kwamba huyo ni askari. Yule mtu kila siku akitoka studio anavaa magwanda ya ulinzi anakwenda kazini kwake. Sijui mtazamaji angeamini lipi.

Kina mama wangu walikuwa hawana majina. Karatasi inaandika Mama wa Kijana, au Mwanamke Dirishani. Wanapika, wanafunga kitambaa, mlango unavunjwa, wanalia. Mwanzoni nililia tu kama nilivyofundishwa. Musoke ndiye aliyeniketisha chini akanirudishia picha nyuma.

"Usiangalie mdomo. Angalia mkono."

Nikaangalia. Yule mama alikuwa ameshika mwiko. Polisi wamejaa sebuleni, na yeye anautafutia mwiko pa kuuweka usichafue meza.

"Unaona? Huyu hana muda wa kulia. Ana hasira ya nyumba yake. Sasa wewe unamwagia machozi ya bure."

Tangu siku hiyo nikaacha kuwalilia hovyo. Nikawa nawatafutia hasira zao, na kazi yangu ikawa kazi. Mengine yote niliyoyajua studio niliyapata kwa huyo mlinzi wa jengo, si kwa madam.

Katikati ya hayo nikazaa. Mtoto wa kike. Viza ya mume wangu haimruhusu kuweka familia, kitanda chetu kiko kwenye chumba kilichogawanywa kwa mbao, na mwanamke wa upande wa pili alikuwa anagonga ubao kila mtoto akikohoa. Nikampeleka Mombasa kwa mama yangu kabla hajajua kutembea. Nilirudi Dubai na maziwa kifuani, nikaingia studio, na filamu niliyopewa ilikuwa ya mama anayebembeleza mtoto huku nje magari yanaungua. Madam alisema siku ile nilikuwa mzuri sana. Sijamsamehe neno hilo.

Ili muelewe kilichofuata lazima mjue kuhusu kaka yangu. Anaitwa Athumani. Alichukuliwa kwa kinyozi, mtaani kwetu, shingo bado ina kitambaa, na watu waliosema ni polisi. Hajarudi. Mama alikwenda kituoni na askari wa kaunta akamwambia, "Mama, nenda kapike, kijana atarudi akichoka na wasichana." Mama akaenda nyumbani. Kila akisimulia humaliza hapo hapo: "Wala sikumwuliza jina lake." Miaka inapita na bado lile ndilo linalomla, si kwamba alidanganywa, ila kwamba aliondoka bila kumwuliza yule mtu anaitwa nani.

Basi ikaja filamu. Ni ya magari na risasi kama nyingine, lakini katikati kijana anaitwa Samir anasimamishwa chini ya ghorofa na kuuawa. Mama yake anashuka ngazi zote, lifti mbovu kama kawaida, anasimama mbele ya askari. Na huyu halii. Anasema: "Ulimtaka kitambulisho, akakupa. Ulimwuliza jina, akakutajia. Ulimwambia alale chini, akalala. Sasa nakuuliza wewe. Unaitwa nani?"

Maalim Seif aliponipa ukurasa ule hakunitazama. Alijua habari za Athumani, yeye na Musoke wote walijua. Aliniambia tu, "Mwanaisha, nimeyapima maneno na mdomo wake. Yanakaa."

Tulirekodi pamoja, kwa sababu askari yuko mbele yake. Katika picha askari hajibu, anavuta pumzi tu, kwa hiyo kazi ya Maalim pale ilikuwa pumzi moja. Nikayasema yale maneno kwa sauti ya chini, ya mtu anayeuliza bei. Nilipofika "unaitwa nani" Maalim akavuta pumzi, ikatoka imevunjika katikati. Musoke alikuwa nyuma ya kioo na fundi. Hakuna aliyesema turudie.

Jioni ile nikampigia mama simu. Nikamwambia kuna filamu itakuja kwenye televisheni ya hapo, mama wa humo ndani ni mimi, na nikamsomea anachosema. Akasema, "Nisomee tena." Nikamsomea tena. Akasema, "Nitawaita na wenzangu." Wenzake ni wanawake wengine wa mtaani ambao vijana wao walichukuliwa.

Baada ya wiki chache madam akaniita. Mteja, yaani watu wa stesheni, walikuwa wameipitia filamu.

"Lile la kumwuliza polisi jina hawalitaki. Utarekodi upya. Kilio tu."

"Kwenye Kifaransa anasema, madam."

"Kwenye Kifaransa ni Ufaransa. Huko kwenu wana polisi wao. Mteja hataki maneno na serikali."

"Mdomo wake unasema. Mtu anaona mdomo."

"Mdomo hautaonekana. Fundi atageuza picha, atakuza mgongo wa askari. Mwanaisha, habibti, watu wanataka magari. Huyo mama ni sekunde chache."

"Hizo sekunde sizirekodi."

Alinitazama kama mtu anayetazama jiko linalotoa moshi. "Khalas, basi," akasema. "Nenda nyumbani."

Nikaenda nyumbani nikifurahi, mjinga mimi. Nilijua hawana mwanamke mwingine wa pwani, nilijua filamu ina tarehe yake ya kupelekwa, na madam hakuniita tena. Nikahesabu nimeshinda. Nikamwambia mama siku yenyewe, saa yenyewe, nikamwambia awaite wenzake. Nikasahau kabisa kwamba sauti yangu ilikuwa imelala kwenye kompyuta yao tangu asubuhi ile ya kwanza, imepangwa kwa majina kama viungo dukani.

Wanawake walikuja. Mama alitandika mkeka, akapika mahamri, na kila mmoja akaja na mbaazi zake au chai yake kwenye chupa. Wakayavumilia magari yote yale. Ilipofika pale, mama wa Samir akashuka ngazi, picha ikaonyesha mgongo wa askari, na nyuma ya ule mgongo kikatoka kilio. Kirefu, kizuri, cha kuona maiti. Kisha magari yakaendelea.

Mama alinitumia ujumbe wa sauti asubuhi yake. Nimeusikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema.

"Mwanangu, tumekuona. Yaani tumekusikia. Ulilia. Wenzangu walingoja, wakadhani yale maneno yatakuja mbele. Mama Rashidi akasema labda ni filamu ya sehemu mbili. Walikaa mpaka majina yakaisha kupita, halafu wakachukua chupa zao. Na huyu mtoto wako alikusikia ukilia, akaenda nyuma ya televisheni kukutafuta. Nimemtoa mara tatu, anarudi. Sasa wewe niambie, kwani ulikuwa umeogopa?"

Kwani ulikuwa umeogopa. Hilo ndilo nililoulizwa na mama yangu mzazi, kwa kilio nilichokitoa kabla ya kuzaa, kabla ya Samir, kwa ajili ya maiti ya kubuni.

Nilikwenda kwa madam nikamwambia afute vilio vyangu vyote. Hakupandisha sauti. Alisema ni mali ya kampuni, nilitia sahihi. Kisha akanipa ukurasa wa filamu mpya, kwa upole, kama anayempa mtoto kaimati akanyamaze. Mama mwingine, ghorofa nyingine, kijana ameuawa na wenzake kwa kugombea mtaa. Kilio tu. "Hiki cha huzuni zaidi," akasema, "tuna kimoja tu cha huzuni hii na tumeshakitumia sana."

Nikaingia chumbani, nikavaa vya masikioni. Maalim Seif na Musoke walikuwa nyuma ya kioo. Picha ikaanza, yule mama akaanguka magotini, mdomo ukafunguka, nami nikalia.

"Athumani."

Madam akasimamisha. "Nani Athumani? Huyu kijana anaitwa Karim. Tena mama hataji jina. Rudia."

Picha ikarudi. Mama akaanguka. "Athumani. Mwanangu Athumani."

"Mwanaisha. Bila jina."

"Sijui kulia hivyo, madam."

"Umelia hivyo miaka yote."

"Ndiyo maana sijui tena."

Akarudisha picha mara nyingine, na nyingine. Kila mara nilimlilia kaka yangu kwa jina, na kila mara nilimlilia vizuri kuliko nilivyowahi kumlilia mtu yeyote mule ndani. Fundi hakujua aangalie wapi. Musoke alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama wanavyosimama walinzi bosi akipita, lakini alikuwa ananitazama mimi. Maalim alikuwa akitikisa kichwa taratibu kila nikifika kwenye jina. Mwishoni madam akasema hata akikata hakifai, jina limeingia ndani ya kilio, halitoki. Akazima taa nyekundu. Ule mfuko wa nailoni uliletwa na mfagiaji.

Sasa nyinyi. Siku yenu ya kwanza mlishalizwa au mtalizwa karibuni, na mtaambiwa ni majaribio. Sisemi mkatae. Najua mna watu wanaowategemea, na najua kule Al Warqa mlikotoka. Ila msiwape kilio kitupu. Ukiambiwa mtoto amepotea, mwite mwanao. Ukiambiwa umeona maiti, mtaje unayemjua, aliyekufa au aliyechukuliwa, mtaje kwa jina lake na la baba yake, katikati kabisa ya sauti, pale ambapo fundi hawezi kupitisha kisu. Kilio chenye jina hawawezi kukibandika kwenye mdomo wa mama mwingine. Watawaambia rudia. Rudieni, na mtaje tena.

Mimi nina tiketi yangu ya ndege ya kurudi Mombasa. Mume wangu amebaki bandarini, atafuata Mungu akipenda. Mtoto bado anachungulia nyuma ya televisheni, mama ananiambia, sasa imekuwa tabia, hata taarifa ya habari ikisomwa. Nikifika nitamtoa pale kwa mkono, nimkalishe mbele yangu, niongee naye kwa sauti yangu ya kawaida mpaka aizoee. Halafu nitakwenda na mama yangu pale kaunta ya kituo. Yule askari wa zamani huenda alishahamishwa. Tutamwuliza jina huyo tutakayemkuta.